Mbona Roketi Haziruki Kisumu? Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii zimetoka Maseno, Nakuru, Kitale, Bungoma na Kakamega, na zote zinahusu anga za juu: roketi, setilaiti, na pesa za serikali zinazozipeleka huko. Tumezifupisha bila kugusa maana.

*Nasoma Maseno. Bango la Ikweta liko hapa hapa kwenye barabara ya Busia. Mwalimu alitufundisha kwamba Ikweta ndipo pazuri pa kurushia roketi. Basi mbona serikali isijenge kituo huku, kando ya ziwa, badala ya kila mara kutajiwa Malindi?*
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Maseno*

Mwalimu wako hakukosea. Dunia inapojizungusha, ardhi ya hapo Maseno husafiri kuelekea mashariki kwa kasi ya mita 465 kwa sekunde. Roketi inayoruka kuelekea mashariki huondoka na kasi hiyo bila kuilipia. Cape Canaveral huko Florida, iliyoko nyuzi 28.5 kaskazini, hupata mita 408. Sasa weka hesabu hiyo kando ya nyingine: setilaiti ya mzingo wa chini inahitaji takriban mita 7,800 kwa sekunde ili isianguke. Maseno imeizidi Florida kwa mita 57 tu.

Faida ya Ikweta huonekana vizuri zaidi kwa setilaiti kubwa za mawasiliano zinazokaa kilomita 35,786 juu ya Ikweta. Ikirushwa kutoka Florida, setilaiti ya aina hiyo hulazimika kuchoma mafuta ya ziada huko juu ili kunyoosha njia yake iliyolala upande. Ndiyo maana Ulaya hurushia Kourou, Guiana ya Ufaransa, nyuzi 5 kaskazini. Lakini kwa setilaiti za kupiga picha mashamba na misitu, zinazopita karibu na ncha za dunia, Ikweta haisaidii lolote. Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilirushwa Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California, karibu nyuzi 35 kaskazini, na haikupoteza kitu kwa kuwa mbali na kwetu.

Kinachoiangusha Maseno ni watu walioko mashariki yake. Roketi huachilia sehemu zake njiani, na hizo hushuka kama mzigo uliotupwa kutoka kwenye lori linalokimbia. Roketi ya Falcon 9, ya kampuni ya Marekani iitwayo SpaceX, inaporusha mzigo mzito, sehemu yake ya kwanza hutua kwenye jukwaa baharini zaidi ya kilomita 600 kutoka ilikoanzia. Chukua ramani ufuate mstari wa Ikweta kutoka Maseno: utapita Nyahururu, Nanyuki na Meru, na kilomita 600 zitakapotimia utakuwa upande wa Garissa. Bahari utaiona baada ya kilomita zaidi ya 800, tena ukiwa umeshaingia Somalia. Leseni ya Marekani hutaka hatari kwa umma wote iwe ndogo kiasi kwamba urushaji huo ukirudiwa mara 10,000, asitarajiwe kuumia zaidi ya mtu mmoja. Ni vigumu mno kutimiza hesabu hiyo juu ya Mlima Kenya na miji yake. China ililipia funzo hilo mwezi Februari 1996, pale roketi ya Long March 3B ilipopinda sekunde chache baada ya kuondoka Xichang na kulipukia mlimani karibu na makazi.

Kituo cha San Marco kilicho upande wa Malindi kilichaguliwa kwa sababu hiyo. Majukwaa yake yalisimama baharini mbele ya Ngomeni, na mashariki yake ni Bahari Hindi tupu. Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walirusha setilaiti 9 kutoka hapo kati ya 1967 na 1988, wakitumia roketi za Scout kutoka Marekani. Mojawapo ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa ziwani hawahitaji kufundishwa: radi. Utaratibu wa Marekani ni kwamba radi ikipiga ndani ya maili 10 za baharini, yaani kilomita 18.5, kutoka kwenye jukwaa au njia ya roketi, urushaji husimama kwa dakika 30. Ikipiga nyingine, unaanza kuhesabu upya. Mawingu ya alasiri kati ya Kakamega na Kisii yangekula siku nzima hivyo. Na hatari si radi ya kawaida peke yake. Roketi yenyewe, pamoja na mkia wake wa moshi wa moto, ni kama waya mrefu uliochomekwa wimani kwenye wingu lenye chaji. Apollo 12, iliyokuwa ikienda mwezini, ilipigwa mara 2 katika dakika ya kwanza mwaka 1969, ikanusurika. Atlas-Centaur ya Machi 1987 haikubahatika: radi ilivuruga kumbukumbu ya kompyuta ya usukani, kompyuta ikaamuru kona kali, roketi ikavunjika vipande.

Usafiri nao si mdogo. Unene wa Falcon 9, mita 3.7, ulichaguliwa ili ipite barabarani Marekani. Fikiria mzigo wa mita 40 ukikata kona za Mau.

*Nina duka la vifaa vya ujenzi Nakuru, na kodi nailipa kwa uchungu. Nasikia Marekani inawapa matajiri mabilioni ili warushe roketi zao. Hiyo si ruzuku kwa tajiri? Na Kenya nayo ikianza, itatutoza sisi?*
*Mwenye duka, Nakuru*

Wewe umeona kandarasi nyingi, kwa hiyo tutakujibu kwa lugha ya mjengo. Kuna kandarasi ambayo mwenye nyumba hulipa gharama yoyote itakayotokea, kisha anaongeza faida ya mkandarasi juu. Simiti ikipanda, mwenye nyumba ndiye hulia. Kuna nyingine ya bei iliyofungwa: tumekubaliana hiki, kwa kiasi hiki, na nitakulipa msingi ukikauka, tena lenta ikimwagwa, tena paa likifungwa. Ikizidi, ni juu yako.

Kwa miaka mingi NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, ilijenga roketi kwa mtindo wa kwanza. Roketi yake kubwa ya mwezini, SLS, bado iko kwenye mtindo huo. Mkaguzi wa ndani wa NASA alipiga hesabu mwaka 2022 akaona kwamba kila safari katika 4 za mwanzo, pamoja na Orion, chombo cha kubebea wanaanga, na kazi za ardhini, ingegharimu dola bilioni 4.1.

Mtindo wa pili ulianza 2006. NASA ilihitaji mizigo ipelekwe kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, ikatoa mkataba wa malipo kwa hatua: onyesha mchoro umekamilika, ulipwe, jaribu injini, ulipwe, ruka, ulipwe. Kampuni ilitakiwa kuleta pesa zake pia. Kampuni 2 zilichaguliwa, SpaceX na Rocketplane Kistler. Kistler ilishindwa kutafuta wawekezaji, na mwaka 2007 NASA ikavunja mkataba ikiwa imeshalipa dola milioni 32 hivi. Nafasi hiyo ikaenda kwa Orbital Sciences. Tunaipenda sehemu hii ya habari kuliko zile za roketi kutua wima, kwa sababu hapo ndipo serikali ilipoonyesha kwamba inaweza kuacha kulipa.

Zawadi halisi ilikuja Desemba 2008, nayo haikuwa ruzuku. Ilikuwa oda. NASA iliagiza safari 12 kutoka SpaceX kwa dola bilioni 1.6, na safari 8 kutoka Orbital kwa dola bilioni 1.9. Mtu mwenye oda kama hiyo mkononi benki humsikiliza. Wewe ukipata oda ya mabati kutoka kaunti, iliyotiwa sahihi, utaelewa.

Kuhusu gharama, NASA ilikagua vitabu ikaona SpaceX ilitumia takriban dola milioni 300 kuunda Falcon 9, juu ya milioni 90 za Falcon 1 iliyotangulia. Kisha ikaiuliza programu yake ya makadirio: je, kazi hiyo ingegharimu kiasi gani ikifanywa kwa utaratibu wa zamani wa serikali? Jibu lilikuwa karibu dola bilioni 4, na hata walipobadilisha vigezo vielekee kwenye utaratibu wa kibiashara haikushuka chini ya bilioni 1.7.

Usidhani kwamba bei iliyofungwa huzuia ajali. Oktoba 2014 roketi ya Antares ya Orbital ililipuka sekunde chache baada ya kuwashwa, kosa likiwa kwenye pampu ya injini. Juni 2015 Falcon 9 ilipasuka angani kwa sababu ya chuma kimoja cha kushikilia chupa ya heliamu ndani ya tangi. Kampuni ilieleza kwamba kilikatika kwa mzigo wa takriban moja ya tano ya ule kilichoandikiwa. Yeyote aliyewahi kuuziwa nondo bandia anajua hisia hiyo. Dawa ilikuwa kuacha kuamini karatasi ya muuzaji na kukijaribu kila kipande kimoja kimoja.

Wala bei hiyo haimlindi kila mkandarasi. Mwaka 2014 Boeing ilipewa dola bilioni 4.2 na SpaceX bilioni 2.6 kwa kazi ileile ya kubeba wanaanga. SpaceX ilibeba watu tarehe 30 Mei 2020. Starliner ya Boeing ilibeba watu Juni 2024, ikavuja heliamu, injini zake ndogo zikazima njiani, ikarudishwa tupu Septemba. Hasara iliyopita dola bilioni 1.5 imekaa kwenye vitabu vya Boeing, haikurudi kwa mlipa kodi. Kilichomwokoa mlipa kodi huyo ni kwamba wakandarasi walikuwa 2.

Msaada mwingine hauonekani kama pesa. Serikali hukodisha majukwaa yake ya zamani. Pad 39A, ilikoondokea Apollo 11, SpaceX iliikodi 2014 kwa miaka 20. Tena, kwa sheria ya 1988, kampuni yenye leseni hukata bima ya madhara kwa watu wengine kwa kiasi kinachokadiriwa na serikali, kikomo kikiwa dola milioni 500, na madai yakizidi hapo serikali huahidi kubeba sehemu inayofuata hadi kiwango kilichowekwa. Hiyo ndiyo ruzuku yenyewe, kama unaitafuta. 

Kenya haijengi roketi. Taifa-1 ilinunuliwa tiketi kama abiria wengine kwenye safari ya pamoja, na Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitaja gharama ya mradi kuwa shilingi milioni 50. Mwaka 2024 nafasi kwenye safari hizo iliuzwa kwa takriban dola 300,000 kwa kilo 50 za kwanza. Kwa bei hiyo, tunavyoona sisi, anayetaka Kenya ianze na roketi badala ya setilaiti na watu wa kusoma picha zake anaanzia paa kabla ya msingi.

*Nina ekari 6 za mahindi karibu na Kitale. Hizi setilaiti za serikali zinanifaa nini mimi?*
*Mkulima, Trans Nzoia*

Zinakufaa leo, na bure, ingawa zile za maana zaidi kwako si zetu. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupita juu ya shamba lako kila baada ya siku 5 hivi. Kila nukta ya picha ni mraba wa mita 10 kwa 10, kwa hiyo ekari moja ina nukta kama 40, na ekari zako 6 zina 240. Zinatosha kuona upande wa shamba uliodumaa kabla hujaufikia kwa miguu.

Tumia simu nzuri au kompyuta ya saiba. Fungua tovuti ya Copernicus Browser, jisajili bila malipo, sogeza ramani hadi shambani, chora mpaka wake, chagua tarehe yenye mawingu machache, kisha chagua NDVI. Hicho ni kipimo cha ukijani: udongo mtupu husoma 0.1 hadi 0.2, na mahindi mazima yanayotoa mbelewele hupita 0.7. Namba moja peke yake haisemi mengi. Linganisha kona na kona ya shamba lako siku ileile, halafu nenda ukachimbe pale palipo chini uone kama ni maji yametuama, mbolea imekosekana au ni viwavi.

Mitego ni mitatu, na yote tumeiona ikiwanasa wasomi. Kivuli cha wingu husomeka kama mahindi yaliyougua. Nukta za mpakani huchanganya mahindi yako na migrevilea ya jirani, kwa hiyo usizihesabu. Na Aprili hadi Agosti unaweza kupitisha majuma kadhaa bila picha safi hata moja. Hapo kuna Sentinel-1, ya rada, ambayo huona kupitia mawingu, ila picha zake zinahitaji mtu aliyefunzwa kuzisoma.

*Mwisho wa 2024 pete ya chuma ilianguka Makueni. Ikiangukia boma langu huku Bungoma, ninamdai nani?*
*Msomaji, Webuye*

Pete ile ilianguka kijiji cha Mukuku tarehe 30 Desemba 2024. Shirika la Anga za Juu lilisema ilikuwa na upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, na kwamba ilionekana kuwa sehemu ya roketi.

Si wewe binafsi utakayeidai Marekani au China. Mkataba wa mwaka 1972 wa dhima, ambao Kenya ni mwanachama, unasema nchi iliyorusha inawajibika kwa madhara ya ardhini hata kama haikufanya uzembe wowote. Huhitaji kuthibitisha kosa. Unathibitisha kwamba kitu ni chao na hasara ni yako. Anayedai ni serikali yako, kupitia Wizara ya Mambo ya Nje, ndani ya mwaka mmoja tangu tukio au tangu nchi husika ijulikane. Hata kama roketi ni ya kampuni ya binafsi, nchi ndiyo hudaiwa. Ndiyo sababu serikali hizo hulazimisha kampuni kukata bima.

Mfano upo. Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti, Cosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia ndani, ilitawanyika kaskazini mwa Kanada. Kanada ilidai dola milioni 6 za Kanada. Ililipwa milioni 3, mwaka 1981.

Kikianguka, ondoa watoto na mifugo, kaa mbali upande upepo unakotoka. Matangi huweza kubaki na haidrazini, sumu inayochoma mapafu na ngozi, na chupa zilizofumwa kwa nyuzi nyeusi za kaboni huweza kuwa bado na mgandamizo. Usikigonge kwa nyundo. Piga picha kukiwa na kitu cha kulinganisha ukubwa, andika saa kamili na mahali simu inapoonyesha, mwite chifu na polisi. Piga picha pia paa, ng'ombe au mimea iliyoharibika kabla ya kusafisha, na uweke ankara za fundi. Usikiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hata akitaja bei nzuri: kitu hicho bado ni mali ya aliyekirusha, na namba iliyochongwa juu yake ni ushahidi wa kumjua wa kumdai.

*Nafundisha chuo cha ufundi Kakamega. Wanafunzi wanataka kuunda setilaiti ndogo. Tuanzie wapi, na wengi hukwama wapi?*
*Mwalimu wa elektroniki, Kakamega*

Anzeni na karatasi, kwa masikitiko. Setilaiti ya mchemraba wa sentimita 10 kila upande ndiyo saizi ya kuanzia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifuata njia hiyo na 1KUNS-PF, iliyoachiliwa kutoka Kibo, chumba cha Japani kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, tarehe 11 Mei 2018, kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani uitwao KiboCUBE unaotoa nafasi bila malipo ya urushaji. Mwombaji ni taasisi, wala si mtu mmoja. Masafa ya redio yaombwe kupitia Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya mapema, miaka 2 kabla ya safari si mapema mno, na mkitaka masafa ya redio ya ridhaa, shirikisho la kimataifa la wanaridhaa lazima liwapangie. Vyuo vingine vimemaliza setilaiti vikabaki vikisubiri masafa.

Umeme ndio utakaowabana. Mchemraba mmoja hupata wastani wa wati 2 hivi kutoka kwa jua. Kila mzunguko ni dakika 90, na kama 35 kati ya hizo ni gizani. Betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0 huharibika polepole, kwa hiyo wekeni kipimajoto kwenye betri yenyewe, si kwenye ubao ulio kando yake, na programu ikatae kuchaji kukiwa na baridi. Mawasiliano nayo ni haba: setilaiti hupita juu yenu kwa dakika 10 ikibahatika, na kwa biti 9,600 kwa sekunde mtashusha kilobaiti 720, yaani picha moja au mbili za simu zilizobanwa. Msiahidi video.

Si chache setilaiti za vyuo zinazokufa kabla ya kusema neno la kwanza. Antena hufungwa kwa uzi wa nailoni unaoyeyushwa na waya wa moto dakika 30 baada ya kuachiliwa. Uzi usipokatika, redio hupiga kelele ndani ya sanduku. Wekeni nyaya 2 kwa kila uzi, na programu ijaribu tena kila mzunguko, isikate tamaa baada ya jaribio moja. Jaribuni katika friji ya kugandisha, kwa betri iliyoshuka nusu, zaidi ya mara 20. Skrubu zote zipakwe gundi ya kufunga nyuzi, maana mtikisiko wa roketi hufungua hata zile mlizoapa mmezikaza.

Kabla ya hayo yote, fungeni saketi yenu kwenye boksi, muipe betri na antena, muipandishe juu ya kilima cha Nandi mkiwa mmebaki chuoni na kipokezi. Ikinyamaza hapo, mtu anaweza kuipandia pikipiki akaifungue.